Kuku Aliyejinyonga

Watu husema kuuliza si ujinga. Aliyeanzisha msemo huo hajawahi kubeba trei. Mimi nimebeba trei miaka sita katika hoteli moja ya Lushoto, kando ya barabara iendayo Irente, na ujinga mwingi nilioushuhudia duniani ulinijia ukiwa umevaa alama ya kuuliza. Niliuchukia tangu wiki ya kwanza. Baadaye nikajifunza kuujibu, na nikawa hodari. Jibu langu moja, tena fupi, lilimnyang'anya mzee mmoja kazi yake na jina lake. Nitalieleza lilivyokuwa na sitajipamba.

Kwetu hoteli ni popote penye chakula, hata kama hapana kitanda. Yetu ilikuwa na meza kumi na mbili, veranda inayotazama bonde, na jiko nyuma lenye dirisha dogo la kutolea sahani. Wageni walikuwa watu wa Dar wakati wa sikukuu, watumishi waliokuja semina, na Wazungu wenye viatu vizito vya kupandia milima. Wote walipanda kutoka Mombo kwa zile kona, na nadhani kila kona iliwapunguzia akili kidogo. Mpaka wanafika kwetu walikuwa wamebaki na njaa tu.

Kaka mmoja alikuja mwezi wa saba amevaa kaptura. Alikaa, akajikunyata, akaniita.

"Dada, naomba mpunguze AC."

"Hatuna AC, kaka."

"Sasa hii baridi inatoka wapi?"

Nikamwonyesha mlima. "Rimoti anayo Mungu. Ukimpata, mwambie na sisi tunaumia."

Waliniuliza kama makande yana mahindi. Waliniuliza kama supu ya kuku ina kuku, nikasema alipita. Waliniuliza kama samaki ni wa leo, huku juu milimani, nikasema amepanda kwa miguu tangu alfajiri na ndiyo maana amekonda. Bwana mmoja wa semina, mwenye daftari, alitusikia jikoni tukisema bada. Akataka kujua bada ni nini. Nikamwambia ni ugali, kwa Kishambaa. Akauliza, "Kwa hiyo tofauti ya bada na ugali ni ipi?" Nikamwambia bada ni ya wenyeji na ugali ni wa wageni. Akaandika. Akaagiza vyote viwili. Nikampelekea sahani mbili za sufuria moja, akaonja huku, akaonja kule, akatangaza mbele ya wenzake kwamba bada ni laini zaidi.

Wakati mwingine niliuma zaidi ya hapo. Mama mmoja wa Kizungu, aliyejifunza Kiswahili kwa bidii na aliyekisema polepole, alishika kipande cha mkate wenye jibini akaniuliza kama jibini ile imetoka kwa ng'ombe mwenye furaha. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na viatu vyangu vilikuwa vinapitisha maji. Nikamwambia ng'ombe alikuwa na furaha sana mpaka juzi alipofiwa na ndama. Yule mama akaweka mkate chini, macho yakamjaa machozi kweli kweli. Nilipokwenda kumsimulia mpishi, ilimbidi akae juu ya gunia la mkaa kwa kucheka. Nilifurahi siku nzima.

Mpishi wetu alikuwa mtu wa Korogwe, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Kila nilipokwenda mezani alichungulia dirishani akingoja nitasema nini. Mshahara nilipewa na mama mwenye hoteli, lakini kazi nilikuwa namfanyia mpishi, maana kile kicheko ndicho kilichonifanya nijione mtu. Nilimaliza kidato cha nne nimefaulu Kiingereza na kufeli mengine yote. Nilijua sitakwenda popote. Ukisimama siku nzima, mtu aliyekaa akikuuliza kitu anachokiona kwa macho yake, unaona anakutuma ukafikirie kwa niaba yake. Mimi niliwarudishia na makofi juu.

Sasa nieleze habari za yule mzee.

Kila asubuhi saa moja alikuja mchinjaji wetu. Alivaa kofia ya kufuma na koti la mvua lililopauka, na kisu chake alikifunga kwenye kipande cha kanga. Alikaa bondeni, njia ya kwetu Gare, na alilima kabichi na karoti kama kila mtu. Lakini kabichi zilikuwa za riziki tu. Kilichomfanya awe yeye ni kile kisu. Harusi yoyote ya Waislamu pale bondeni, Idd yoyote, aliitwa yeye. Na hata sisi Wakristo tulimwita Krismasi, kwa sababu ukichinja mwenyewe majirani zako Waislamu hawatakula, na Krismasi ya kula peke yako ni aibu.

Asije mtu akadhani alikuwa mzee wa busara. Alikuwa mbishi. Aligombana na mwenzake mwaka mzima juu ya mfereji wa maji, na aliamini kwamba simu ikiwekwa karibu na maziwa yanaganda. Majivuno alikuwa nayo tele. Alisema hakuna mnyama aliyewahi kumpiga teke, kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kukiona kisu chake. Na kweli alikificha nyuma ya mkono, hakukinoa mbele ya kuku, na kila kuku alimpa maji kwanza.

Siku yangu ya kwanza aliniita nyuma ya jiko.

"Wewe binti unayehudumia, njoo uone."

"Shikamoo babu. Mimi ni Mkristo, babu. Mtoto wa Misheni."

"Marahaba. Nimekuuliza dini? Nakutaka macho." Akamgeuza kuku kuelekea kibla. "Watakaotaka kujua hawatakwenda kumuuliza mpishi. Watakuuliza wewe. Usije ukawaambia umesikia. Waambie umeona."

Akataja jina la Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, akapitisha kisu mara moja. Kisha akaniangalia.

"Umeniona?"

"Nimekuona, babu."

Ikawa hivyo kila siku. Wakiwa kuku watano, aliniuliza mara tano. Siku za sikukuu aliniuliza mara ishirini, nami nimesimama kwenye ukungu na ndoo mkononi, vidole vimekufa ganzi. Nililiona lile kuwa swali la kijinga kuliko yote, maana nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nitaachaje kumwona? Alipoondoka nilichukua karoti, nikaigeuza kibla, nikaikata kwa kijiko, nikamkazia mpishi macho: "Umeniona?" Naye akajibu kwa sauti ya kike, "Nimekuona, babu," tukacheka mpaka mama mwenye hoteli akagonga ukuta.

Kwa hiyo ieleweke. Katika maswali yote ya miaka sita, moja tu nilikuwa nimeandaliwa kulijibu. Niliandaliwa kila asubuhi, kuku kwa kuku.

Liliulizwa Jumamosi moja, wakati wa vuli. Kilikuja kikundi cha akina mama kutoka Tanga, wamejaa kwenye Coaster, wamevaa madera ya sare na juu yake masweta ya kuazima. Walikuwa wamepanda kwenda kuona mandhari ya Irente na wakakuta ukungu umefunika kila kitu. Wakarudi kwetu wamelowa na hawajaona hata jiwe. Wakaanza.

"Binti, huu ukungu unaondoka saa ngapi?"

"Kwani mlima wenyewe uko upande gani?"

"Hizi karoti ni za kienyeji?"

"Kachumbari ina kitunguu?"

Nilikuwa peke yangu siku ile, mwenzangu alikuwa anaumwa. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilishawapelekea kuku na wali, wakaanza kula, nikadhani nimepona. Nikawa napita na trei ya sahani chafu. Kiongozi wao akanishika mkono. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, na ndiye pekee kati yao aliyekuwa ameniita mwanangu tangu alipoingia.

"Mwanangu, samahani. Njaa imetutangulia, tumeanza kula kabla ya kuuliza. Kuku huyu kachinjwa na nani?"

Niligeuza kichwa. Mpishi alikuwa dirishani, shingo ameinyoosha, meno yako nje tayari. Nakumbuka vizuri kwamba jibu la kweli lilikuja kwanza. Lilifika mdomoni. Lakini lilikuwa halichekeshi.

"Hajachinjwa, mama," nikasema. "Alijinyonga."

Mpishi akapasuka kicheko.

"Alijinyonga?"

"Tumemkuta asubuhi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tukaona asipotee bure."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka isipokuwa yule wa jikoni, na kicheko chake ndicho kilichoniharibia, maana kilisikika kama cha mtu aliyefumaniwa. Vijiko vilishuka kimoja kimoja. Mama mmoja mwembamba alisimama amejiziba mdomo, akakimbilia veranda, tukamsikia akitapika kwenye maua.

"Jamani, natania!" nikasema. "Kuna mzee anachinja hapa. Nimemwona mwenyewe leo asubuhi kwa macho yangu."

Yule kiongozi alijifuta vidole polepole, kimoja baada ya kingine. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikera zaidi.

"Umetania lini, mwanangu? Sasa hivi, au mwanzo?"

Nilipanga upya sahani chafu kwenye trei. Wakafunika sahani zao kwa tishu, wakalipa, wakapanda gari. Nilijiambia waende zao, watu wasiojua utani. Nikaingia jikoni, nikamkuta mpishi anasoma kwa sauti barua aliyoiacha marehemu kuku, kwamba amechoka na maisha ya tenga na watoto wake wapewe jirani. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naandika hili kwa sababu baadaye nilijaribu kujiaminisha kwamba roho iliniuma pale pale. Haikuniuma, nilicheka.

Coaster haijafika Soni, ujumbe wa sauti ulikuwa umeshatumwa. Mmoja wao alikuwa na wifi yake aliyeolewa pale pale Lushoto. Jumatatu sokoni watu walikuwa wanaambiana kwamba kule njia ya Irente wanalisha watu kibudu, yaani mnyama aliyejifia bila kuchinjwa. Mpaka Ijumaa habari ilikuwa imebadilika sura. Kuku wa kujinyonga hakuwamo tena, maana hakuna mtu mzima wa kuamini hilo. Msichana mwenye mdomo hakuwamo pia. Aliyebaki ni mchinjaji. Nani anachinja pale? Kila mtu alimjua. Basi ikawa macho yake yamekwisha, mkono unatetemeka, kuku wanakufa mikononi mwake kabla kisu hakijawafikia na yeye ananyamaza. Waliomtetea waliambiwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Meza za wenyeji zilibaki tupu wiki nzima. Mama mwenye hoteli akaniita kaunta.

"Ulisema hayo maneno?"

"Nilisema, mama."

"Kwa utani?"

"Kwa utani."

Nilijua nafukuzwa, na nilikuwa nimeshahesabu nitamwambia nini mama yangu nyumbani. Lakini yule mama alikuwa mfanyabiashara. Aligonga kalamu kwenye daftari.

"Nikisimama hapo nje niwaambie msichana wangu alitania, nani ataniamini? Watasema nimekufundisha. Utani hauonekani. Mchinjaji mpya anaonekana." Alikuwa ameshampata, mwalimu wa madrasa wa mjini, mwenye kanzu nyeupe na sauti nzuri. "Wewe una mwandiko. Chukua chaki uandike ubaoni."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema, nifukuze mimi, mzee hana kosa. Nilichohisi ni nafuu. Nilijua wazi kwamba babu anatolewa badala yangu, na nikahisi nafuu kama mtu aliyeambiwa jino halitang'olewa. Nikachukua chaki. Ubao ulikuwa mlangoni, ule wa kuandikia vyakula vya siku, nikaufuta wote, nikaandika kwa herufi kubwa: KUANZIA LEO TUNA MCHINJAJI MPYA. KARIBUNI SANA. Chini yake nikachora ua, kwa sababu kila siku nilichora ua.

Hakuna aliyekwenda kumwambia. "Akija atajionea mwenyewe," alisema mama mwenye hoteli.

Akaja, kesho yake saa moja, kwenye ukungu. Nilikuwa veranda nafuta meza. Alisimama mbele ya ubao, kisu kwapani. Alisoma chuo cha Kurani utotoni, na herufi za Kiarabu alizijua vizuri, lakini hizi zetu zilimpita. Miaka yote ile alipita kando ya ubao ule bila kuugeukia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hapa pameandikwa nini leo? Naona mmeandika makubwa makubwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa aina ya swali niliyoisubiri kila siku. Mtu amesimama mbele ya maandishi, anauliza pameandikwa nini. Nilikuwa na majibu yake kama kumi, yote makali. Nilitazama mikono yake, imekaa tayari kwa kazi.

"Leo hakuna kuku, babu."

Nyuma ya jiko kuku walikuwa wanapiga kelele kwenye tenga. Walikuwa saba, walifika kabla yake. Tuliwasikia wote wawili.

"Na kesho?"

"Sijui, babu."

"Haya," akasema, akateremka.

Kesho yake akarudi. Sijui kwa nini alirudi. Nadhani alitaka kunipa nafasi ya pili, au alikuwa na kiburi tu. Pale veranda alikuwa amekaa mgeni kutoka Dar, amevaa masweta mawili. Siku moja kabla aliniuliza kama ukungu una madhara ukivutwa na mtu mwenye pumu, nikamwambia ukungu unaua wote, wenye pumu na wasio na pumu, tunazika kila Alhamisi. Mzee alinipita bila kunisalimia, akaenda kwa yule mgeni.

"Mwanangu, nisomee pale."

Yule bwana alisimama. Alivua kofia yake. Akaenda naye hadi kwenye ubao, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akamsomea pole pole, neno kwa neno, kidole kikienda. Alipofika kwenye ua akaondoa kidole.

"Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa."

"Kuna kingine nikusomee?"

"Hapana, mwanangu. Mungu akubariki."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Mgeni mjinga kuliko wote wa msimu ule aliulizwa swali akalijibu, basi. Hakutafuta mtu wa kumchekesha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na bado niliendelea kumimina chai kwa sababu ilikuwa kazi yangu na nilikuwa nimeinunua ghali. Mzee alikifunga kisu chake upya, akakaza fundo, akaondoka bila kuniangalia.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita. Kama hoteli yake mwenyewe imemkataa, nani atampa ng'ombe wa harusi? Ilipofika Idd ya kuchinja, mbuzi walipitishwa mbele ya mlango wake wakipelekwa kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Alikaa nje ya nyumba akiwaangalia wakipita. Mama yangu aliyaona hayo kwa macho yake, akarudi nyumbani akakataa kula chakula nilichopika.

Asubuhi ile ile niliteremka mpaka walipokusanyika wanaume chini ya msikiti, mbuzi wamefungwa kwenye miti. Nilimpa kila mkubwa shikamoo yake. Nikasema mbele yao: yale maneno ni yangu. Niliyatunga. Mzee yule nimemwona kila siku, kuku kwa kuku, na hajawahi kukosea hata mmoja.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja, mtu mzima wa umri wa baba yangu, akauliza, "Wewe si ndiye wa kuku aliyejinyonga?"

"Ndiye mimi, baba."

Akamgeukia mbuzi aliyekuwa karibu naye, akamtazama usoni. "Na huyu unamwonaje? Hana mawazo?"

Walicheka. Walicheka wote, vijana kwa wazee, mpaka mbuzi wakashtuka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukipata jikoni, na najua utani, ule ulikuwa mzuri. Hakuna aliyenitukana. Nilitamani wanitukane. Yule wa ng'ambo ya mto alikuwa ananoa kisu mbele ya mbuzi wenyewe, na walikuwa wanakiangalia.

Hoteli nilishaiacha wakati huo. Sikufukuzwa. Nilianza kuwajibu wageni vizuri, makande yana mahindi, ndiyo mama, supu ina kuku, na mpishi akaacha kuchungulia dirishani. Kazi ikawa ndefu mno, nikarudi nyumbani kulima maharage na mama.

Krismasi iliyofuata mama alinikabidhi jogoo. Hakunieleza kitu. Alisema tu, "Mpeleke panapopelekwa."

Nilimkuta mzee kwenye kabichi zake, ameinama. Kanga aliyofungia kisu ilikuwa imeanikwa kwenye ua wa nyumba. Kisu chenyewe alikuwa nacho mkononi, anakatia kabichi, makali yamejaa utomvu wa kijani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Alimwangalia jogoo, si mimi. "Watakula kina nani?"

"Sisi. Na majirani."

"Majirani hawatakula."

"Basi tutakula sisi."

"Nyinyi si mnaweza kuchinja wenyewe."

"Mama amesema wewe, babu."

Alimalizia kukata kabichi aliyoishika. Kisha akaenda bombani, akaosha kisu kwa sabuni, akakiosha tena, akakifuta kwa kanga. Akampa jogoo maji kwenye kifuu. Akamgeuza kibla, na alipomgeuza yeye naye aligeuka, mgongo wake ukaja upande wangu. Jina la Mungu alilitaja chini chini, kwa masikio ya jogoo tu. Nilizunguka upesi kwenye matope, nikakanyaga karoti zake, nikafika ubavuni mwake kisu kikipita. Kilipita mara moja. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Aliosha kisu. Akamfunga jogoo miguu kwa kamba ya mgomba, akaninyooshea. Nilikuwa nimesimama pale pale, nangoja. Nilingoja kama nilivyongoja asubuhi zote zile, na ndoo, kwenye baridi, nikililaani swali lile moyoni. Alianza kurudi kwenye kabichi.

"Nimekuona, babu," nikasema.

Hakugeuka.

"Sijakuuliza," akasema.